Shajara ya mradi: kushusha gharama ya gunia la mahindi, Mwakirunge

Shamba ni eka mbili, Mwakirunge, upande wa Kisauni, Mombasa. Mwenye shamba ni mjomba. Mimi nashika daftari, na mkaza mjomba ndiye anayelijua soko. Udongo ni wa kichanga, isipokuwa nusu eka ya bondeni inayoshika maji. Tunachotafuta ni kimoja: kujua gunia la kilo 90 linatutoka kwa shilingi ngapi, kisha kuishusha hiyo hesabu. Naandika ili mwenye shamba la aina hii, awe Mtongwe, Shika Adabu au ng'ambo ya Mtwapa, aige yaliyofaa na ayaruke yaliyotutia hasara. Bei zote ni zile tulizolipa sisi wenyewe.

17 Februari 2024: kabla ya kulima

Kelele za mkulima wa Kenya ziko kwenye mbolea, na zina sababu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, gunia la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia, lilipita shilingi 6,000 dukani. Septemba mwaka huo serikali ikaliteremsha kwa ruzuku hadi 3,500, na Agosti 2023 hadi 2,500. Kwa hiyo aliyejiandikisha leo ananunua mbolea kwa chini ya nusu ya bei ile. Kama hujajiandikisha, nenda kwa chifu na kitambulisho, na uhakikishe eka ulizoandikiwa ni zile ulizo nazo, maana idadi ya magunia utakayoruhusiwa hufuata eka. Ujumbe huja kwa simu, unalipa kwa M-Pesa, unachukua mzigo kwenye ghala la NCPB, bodi ya nafaka ya serikali.

Trekta haina ruzuku. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba dizeli ikavuka shilingi 200 kwa lita kule Nairobi. Sisi mafuta hushukia mlangoni kwetu, kwa hiyo kila EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei tarehe 14 ya mwezi, Mombasa huwa chini kidogo. Mwenye trekta hayajali hayo. Kulima eka kulipanda kutoka 3,500 hadi 4,500, na dizeli iliposhuka, bei yake ilibaki juu. Kibarua naye alikuwa 400 kwa siku, sasa ni 500, na huwezi kumlaumu: unga anaonunua ni uleule tunaonunua sisi.

Msimu huu tunalima kama tulivyozoea. Tofauti ni kwamba kila shilingi inaandikwa, hata ya chai ya vibarua.

13 Aprili 2024: kupanda

Trekta imelima na kupiga haro. Tumepanda PH4, mbegu chotara iliyotengenezwa kwa ajili ya joto la Pwani na watafiti wa Mtwapa. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo, yaani kama mashimo 9,000 kwa eka.

Lililotuchelewesha ni habari za mbolea bandia. Zimetapakaa nchi nzima, na mjomba alikataa kufungua gunia kabla ya kulipima. Tulitia kiganja cha DAP kwenye bilauri ya maji, tukakoroga, tukaiacha. Punje ziliyeyuka karibu zote, chini zikabaki chembe kidogo. Hicho si kipimo cha maabara, lakini aliyejaziwa mchanga atauona mchanga. Jihadhari tu usiipime CAN, mbolea ya kukuzia, kwa njia hiyo: ndani yake mna chokaa kwa desturi ya utengenezaji wake, kwa hiyo unga mweupe unaotuama chini si wizi. Jirani mmoja alitaka kurudisha magunia yake mazima kwa sababu hiyo.

18 Mei 2024: mvua na viwavi

Mvua ya mwaka huu haikuwa mvua ya kuombea. Nchi nzima imefurika, na huku kwetu bonde limekuwa bwawa kwa karibu wiki. Mahindi ya bondeni yamegeuka manjano, mengine yamelala.

Huku juu kwenye mchanga hasara haionekani kwa macho. Tulitia CAN yote kwa mkupuo mmoja, magunia mawili, mahindi yakiwa yamefika magotini. Usiku uleule ikanyesha hadi asubuhi. Mchanga haushiki naitrojeni: maji yakipita, nayo hupita, ikashuka chini ya mizizi. Baada ya wiki mbili mahindi yalikuwa yamepauka kana kwamba hatukuweka kitu. Shilingi 5,000, na nusu yake sijui iko kina gani. Kuanzia sasa CAN itatiwa mara mbili, nusu mahindi yakifika magotini na nusu kabla ya kutoa mbelewele, na haitatiwa wingu likiwa zito.

Viwavijeshi vamizi, hawa walioingia Kenya 2017, walifika mapema. Tulipiga dawa ya dukani mara mbili. Ya kwanza ilifanya kazi. Ya pili ilikuwa pesa ya kutupa: viwavi walishakuwa wakubwa, wameingia ndani kabisa ya moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi chao kinachofanana na unga wa mbao. Dawa iligusa majani ya nje tu. Tuliufungua mhindi mmoja siku ya pili tukamkuta kiwavi mnene, mzima, anakula. Raundi hiyo ilikuwa shilingi 3,000 ukichanganya dawa na mpigaji.

24 Agosti 2024: mavuno na hesabu ya kwanza

Magunia 17 kwenye eka mbili. Bonde lilitoa kidogo mno. Matumizi yote haya hapa:

Trekta, kulima na haro: 15,000
Mbegu kilo 20: 5,500
Mbolea magunia manne na usafiri wake: 10,800
Vibarua wa kupanda: 3,000
Palizi mbili: 18,000
Viwavi: 6,000
Kuvuna, kubeba na kupukuchua: 7,500
Jumla: 65,800

Gawanya kwa 17, gunia moja limetutoka kwa shilingi 3,870. Wanunuzi wanaokuja na pikapu wanatoa 3,400. Mjomba aliitazama hesabu hiyo kwa muda, akasema, "Kwa hiyo mpwa wangu, mwaka mzima nilikuwa nawalisha watu wa mjini kwa sadaka."

Lakini tazama mgawanyo. Mbolea tunayoilalamikia kila siku ni asilimia 16 tu. Kulima na kupalilia ni shilingi 33,000, nusu nzima ya gharama. Kama tungeliamua kubana mbolea, kama wengi wanavyofanya, tungekata kwenye fungu dogo linaloleta punje na kuliacha kubwa linalogeuza mchanga. Vuli tutaanza na trekta na jembe.

7 Septemba 2024: kukausha na kuhifadhi

Kukausha mahindi Mombasa ni kazi, hewa yenyewe ina maji. Kifaa cha kupima unyevu ni ghali kwa shamba kama letu. Tumetumia chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Kaanga chumvi kidogo ikauke, iache ipoe, itie pamoja na mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au karibu na hapo, yarudi kwenye turubai. Yetu yaligandisha chumvi mara ya kwanza, tena baada ya jua kali la wiki nzima. Tulikuwa tukiyaacha nje mpaka magharibi na umande unayakuta. Tulipoanza kuyafunika alasiri, yalikauka upesi.

Ukaushaji huu si wa kupendezesha. Kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, na mahindi mabichi yakiota ukungu huzaa sumukuvu, ambayo kikomo chake Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Mwenye kisiagi mzuri hatayapokea, na asiye mzuri atawauzia wanao.

Magunia sita tumeuza kwa 3,400 kulipa madeni, matatu ya nyumbani, manane tumeweka. Matano kati ya hayo yamo kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, shilingi 250 mmoja. Mjomba hakutaka kununua zaidi, matatu yakabaki kwenye magunia ya kawaida na unga wa dawa.

5 Oktoba 2024: mpango wa vuli

Eka moja hatulimi kwa trekta kabisa: tumepiga dawa ya magugu, na vibarua wanafungua mashimo kwa jembe. Hii naiita eka ya juu. Eka ya pili, yenye bonde ndani yake, imelimwa mara moja bila haro. Hapa palikuwa na mjadala.

"Shamba halijapigwa haro, litapandwaje?" mjomba akauliza.

"Mjomba, haro ni ya kuvunja mabonge. Nionyeshe bonge moja kwenye mchanga huu."

Alizunguka nyayo kadhaa akilitafuta, kisha akaniambia niandike haro imefutwa. Shilingi 3,000 kwa eka zimebaki mfukoni, na mpaka leo sijaona hasara yake. Kwenye udongo mzito ushauri huu haufai.

Mbegu tumebadilisha: Coast Composite badala ya chotara. Mavuno yake ni ya chini kidogo ukilinganisha na PH4, lakini si chotara, kwa hiyo unaweza kuchagua magunzi mazuri katikati ya shamba na kuyapanda msimu unaofuata. Punje za chotara ukizirudia zinakupa mahindi ya kila kimo. Nafasi tumeipanua hadi 90 kwa 60, mashimo 7,500 kwa eka, kwa sababu utabiri wa vuli hii ni mvua pungufu. Katikati ya mistari inaingia kunde.

Mbolea ya kupandia sasa inapimwa kwa kifuniko cha soda. Kila mtu husema "kifuniko kimoja kila shimo", lakini nilitaka kujua kifuniko ni gramu ngapi. Nilichukua DAP kwenye kikaratasi nikampelekea sonara wa Mji wa Kale, mwenye ile mizani ndogo ya dhahabu ndani ya sanduku la kioo. Alidhani namletea vito. Kifuniko kilichosawazishwa kwa kidole kilikuwa gramu tano na nusu, kilichojazwa kilima kikawa gramu nane. Tofauti hiyo ni kubwa: kwa mashimo 7,500, kilichosawazishwa ni kilo 41, kilichojazwa ni kilo 60. Kibarua akijaza kilima anakumalizia gunia kabla ya mwisho wa shamba. Sasa kila mpandaji ana kifuniko na kijiti cha kusawazishia.

Jambo jingine la kuudhi. Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, na tangu Machi inazunguka 130. Nilipomuuliza mwenye duka la pembejeo kwa nini dawa bado ni bei ya dola ya Januari, akanijibu kwamba ule mzigo ni wa zamani. Mzigo wa zamani miezi saba!

9 Novemba 2024: kunguru, maranda na ndago

Bondeni tulipanda mwishoni mwa Septemba, udongo ukiwa bado na unyevu, ili tuwahi sokoni. Kulikuwa hakuna shamba jingine lililoota kwa wakati ule. Kunguru wakalipata. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu hawali majani, wanauvuta mche wenye majani mawili, wanakula punje iliyo chini na kuuacha mche umelala. Mstari wa karibu na mwembe ulikwisha wote asubuhi moja. KWS, shirika la wanyamapori, walitangaza mwezi Juni mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Zamu ya Mwakirunge ikifika tutashukuru.

Tulijaribu sanamu ya nguo, wakaizoea. Mkanda wa kaseti uliofungwa kwenye miti ulisaidia upepo ukiwapo, kusi ilipotulia wakarudi. Kilichofaa ni vitu viwili. Kwanza, kunguru mfu aliyetundikwa juu ya mti mrefu; wenzake walipiga kelele siku nzima na hawakutua chini. Pili, mashimo ya kujazia tulichimba kina cha vidole vitatu, na punje ikawa ngumu kung'oka. Eka nyingine tulizipanda wiki moja na majirani, na huko walichukua kidogo, maana walikuwa na mashamba mengi ya kugawana. Gharama ya mbegu ya kujazia, uzi na vibarua: 1,900.

Samadi ya kuku ndiyo iliyonisumbua zaidi. Tulinunua magunia 20 Kiembeni kwa shilingi 100 kila moja, na pikapu ikataka 2,500. Tukaiweka kwenye nusu ya eka ya pili iliyo nje ya bonde. Mahindi ya hapo yakaota vizuri, kisha yakaanza kuwa manjano kuanzia majani ya chini, huku yale yasiyo na samadi yakiwa ya kijani. Nilifukua nikapata jibu: magunia yalikuwa na maranda kuliko kinyesi. Ilikuwa takataka ya banda la kuku wa nyama, na maranda mabichi yakianza kuoza ardhini, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, mahindi yanabaki na njaa. Tulilazimika kutia CAN mapema hapo ili kuyaokoa. Magunia yaliyobaki tumeyamwaga chini ya mkorosho, tumeyalowesha na tunayageuza, mpaka maranda yasitambulike tena. Ukienda kununua samadi, tia mkono ndani ya gunia. Ikiwa unashika mbao, mwambie akupunguzie au achana nayo. Ya kuku wa mayai waliofugwa kwenye vyumba vya waya haina maranda kabisa, ila ni kali, nayo lazima ikae.

Eka ya juu, ile ya dawa ya magugu, ilipendeza wiki tatu. Kisha ndago ikachomoza. Dawa ilikuwa imekausha majani tu, vile vitunguu vyake chini vilibaki hai, na kwa kuwa hapakulimwa, hakuna kilichovisumbua. Palizi ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni 4,500 kwa eka, vibarua walitazama wakaomba 6,000, na walikuwa na haki.

14 Desemba 2024: mvua imekatika

Mvua ilikoma mwishoni mwa Novemba, wakati mahindi ya juu yanakaribia kutoa mbelewele. Gunia la pili la CAN halikufunguliwa. Kutia mbolea kwenye mchanga mkavu ni kuwaachia ndago.

Mazuri mawili. Kunde zimefunika ardhi, na palizi ya pili haikuhitajika. Tulilipa 1,500 kwa eka kung'oa yaliyojitokeza tu. Na mkaza mjomba amekuwa akichuma majani ya kunde kila baada ya siku chache na kuyapeleka soko la Kongowea. Mpaka sasa ameleta 4,200. Ukichuma, chukua majani machanga ya juu na uache shina. Msichana aliyemsaidia siku ya kwanza alikata mashina na mstari ule haukurudi.

Viwavi: hatukununua dawa. Tulikuwa tumekusanya kokwa za mwarobaini, tukazikausha kivulini, tukazitwanga. Unga wake unachanganywa na mchanga mkavu, unadondoshwa kwa vidole vitatu ndani ya moyo wa mhindi, jioni, kwa sababu jua huua nguvu ya mwarobaini. Hatutii shamba zima. Tunapita kwa mkondo wa herufi W, tunasimama sehemu tano na kukagua mihindi 20 kila sehemu. Ikipatikana minne au zaidi yenye majani yaliyotobolewa upya, eneo hilo linatiwa. La msingi ni kuwawahi wakiwa wadogo, wakiwa bado wanakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Wakubwa mwarobaini hauwatishi, waue kwa mkono. Kazi yote imechukua vibarua wa 1,500, ukilinganisha na 6,000 za masika.

Jirani wa upande wa barabara alipanda Katumani, ambayo hukomaa kama siku 90. Yake yalishawahi kufunga punje kabla ya ukame. Coast Composite ni ya masika. Kwa vuli fupi kama hii, Katumani inafaa zaidi, nayo pia mbegu yake inarudiwa.

4 Januari 2025: mahindi mabichi

Bondeni mahindi yalikuwa tayari wiki ya Krismasi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nusu eka hiyo itatoa magunia matatu makavu, kama 12,000 kwa bei ya sasa, na tutayalipia kuvuna, kukausha na kupukuchua. Mkaza mjomba hakukubali. Alikwenda kwa wachoma mahindi wa ufuo wa Pirates, ulipojaa wageni wa bara, akarudi na bei: shilingi 12 kwa hindi lililojaa, wao wenyewe wavune na wabebe kwa tuktuk.

Walichukua mahindi 1,900. Ni 22,800, na hatukuhitaji turubai wala mfuko. Walichokataa ni mahindi mafupi na yaliyotobolewa na viwavi nchani, tukayachemsha nyumbani. Mabua yakiwa bado ya kijani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa alitoa 2,500, akayafyeka mwenyewe.

Usikimbilie kupanda eka zote kwa ajili ya wachomaji, lakini. Baada ya mwaka mpya bei ilishuka hadi shilingi 7 na wageni wakaondoka. Nusu eka ndiyo kiasi chetu, na iwe ya bondeni, ipandwe mapema.

15 Februari 2025: hesabu ya vuli, na magunia ya ghalani

Eka moja na nusu iliyobaki imetoa magunia saba makavu. Matumizi:

Eka ya juu, dawa ya magugu, mashimo na palizi: 12,250
Eka ya pili, kulima mara moja na palizi: 10,500
Mbegu ya mahindi, pamoja na ya kujazia: 3,600
Mbegu ya kunde: 2,000
DAP kilo 82: 4,100
CAN gunia moja: 2,500
Samadi na pikapu: 4,500
Usafiri wa mbolea: 800
Vibarua wa kupanda: 2,500
Kunguru (bila mbegu ya kujazia): 1,500
Mwarobaini: 1,500
Kuvuna na kupukuchua: 4,000
Jumla: 49,750

Tumepunguza 16,050 ukilinganisha na masika. Ondoa mahindi mabichi, majani ya kunde na mabua, jumla 29,500, zinabaki 20,250 kwa magunia saba: shilingi 2,890 kwa gunia.

Kabla hujashangilia, fanya hesabu niliyomfanyia mjomba. Kama bondeni tungengoja yakauke, tungekuwa na magunia kumi na mapato ya kunde na mabua tu, 6,700. Gunia lingetutoka kwa 4,305, ghali kuliko masika, pamoja na ubanaji wetu wote. Ukame unagawa gharama kwa magunia machache, na hapo kubana pekee hakutoshi. Aliyetuokoa ni mkaza mjomba na wale wachomaji wa Pirates.

Na tazama eka mbili zikilinganishwa: ile isiyolimwa ilikula 12,250, iliyolimwa mara moja 10,500. Nilikuwa na hakika itakuwa kinyume. Ndago ndiyo iliyoamua. Kwenye shamba lisilo na ndago jaribu kutolima, huenda likakulipa. Kwetu, trekta inarudi, mara moja, bila haro.

Ghalani tumefungua yale magunia manane ya masika. Mifuko mitano isiyopitisha hewa: mahindi yanang'aa, ila mmoja panya aliutoboa pembeni na fukusi wakaingia hapo. Magunia matatu ya kawaida yameliwa na dumuzi licha ya ile dawa ya unga. Ukishika punje inavunjika, chini pamejaa vumbi. Tumepata kilo 170 zinazofaa kuku. Manne mazuri yameuzwa kilo 48, yaani 4,320 kwa gunia, dhidi ya 3,400 za Septemba. Mfuko wa 250 umeleta zaidi ya mia tisa. Mjomba ameshaagiza kumi, na ameinua jukwaa la mbao futi mbili kutoka ukutani ili kuzuia panya.

22 Machi 2025: masika inaanza

Ujumbe wa mbolea umefika, magunia manne yamelipiwa. Eka zote mbili zimelimwa mara moja, 9,000 badala ya 15,000 za mwaka jana. Mbegu kwa eka ya juu ni Coast Composite tuliyochagua wenyewe, magunzi ya katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani mwenye Katumani ili zisichanganyike. Nimeijaribu kwenye kitambaa kibichi na kati ya punje mia 91 zimeota. Eka ya pili ni PH4, kwa sababu masika ikinyesha sawasawa chotara hulipa bei yake. Bondeni kuna mfereji mpya wa kutolea maji, vibarua 3,000. Lile lundo la chini ya mkorosho sasa ni jeusi na halina maranda, linaingia kwenye mashimo ya eka ya juu. Kunde zitaingia wiki mbili baada ya mahindi, si siku moja, maana vuli zilitaka kuyapanda mahindi mgongoni.

Gharama za palizi ya kwanza nitaziongeza hapa ikishalipwa.